Geti la Hadderby Road

Raya, mjukuu wangu, kaniwekea simu yake mezani kanambia, "Bibi, wewe sema tu. Mie ntaandika, kisha ntawapelekea wenzangu wa chuo." Haya basi, nasema. Lakini nyie wenzake Raya mnaosomea mambo ya reli, kwa kuwa na sisi Oman tunajengewa reli yetu sasa, nna suala kwanza. Mmeshakiona kituo cha treni kikifa? Hamjakiona. Nyie mnaona kofia za manjano na mashine mpya zinang'ara. Mie nilifanya kazi kwenye kituo kilichokufa, nikakitazama kikifa kidogo kidogo, na mpaka leo, nimekaa hapa Maskati, Khuwair ya Kusini, kiyoyozi kinanipiga miguuni, bado najiuliza nani hasa aliyekiua.

Jina langu Zuwena, na kazi yangu ilikuwa kulinda geti la reli, Uingereza, shamba. Msicheke. Babake Raya akitaka kunitania mbele ya wageni husema, "Mama alikuwa bawabu wa treni." Namwacha aseme. Yeye kutwa yuko wizarani anafungua na kufunga kompyuta, na hakuna anayemtania.

Tulitoka Unguja kwa yale mnayoyajua ya mapinduzi. Nyumba yetu ya Mkunazini tuliiacha na vyombo ndani, sufuria ipo jikoni. Mie na marehemu Nassor, babu yake Raya, tukaangukia Uingereza, na baada ya kuhangaika sana Nassor akapata kazi ya upagazi kwenye kituo kidogo cha shamba kikiitwa Hadderby Road. Kazi ilikuja na nyumba, kijumba cha matofali mekundu mwisho wa jukwaa la kituo, pale barabara inapokata reli. Na nyumba ilikuja na geti. Desturi yao ilikuwa hivyo: mume yuko kituoni, mke analinda geti, na ukiliacha geti, nyumba unatoka. Hakuna aliyeniuliza kama naitaka kazi. Nilioneshwa jiko la makaa, nikaoneshwa kitanda, nikaoneshwa geti, na siku ya pili yake nikaanza.

Sasa mie ni mtu wa kuuliza. Utotoni nikipigwa kwa kuuliza. Nikamuuliza mkuu wa kituo, mzee wa kwao akiitwa Wilfred, masharubu yamemfunika mdomo, kwa nini kituo kinaitwa Hadderby Road, yaani Barabara ya Hadderby, na si Hadderby tu. Akanambia, "Kwa sababu ukishuka hapa, Hadderby hujafika. Umefika barabarani." Na kweli, kijiji chenyewe kilikuwa mbali, mwendo wa kutoka jasho hata kwenye baridi ile. Zamani reli ilipokuwa inajengwa, tajiri mwenye ardhi alikataza moshi usipite karibu na nyumba yake, ikabidi reli izunguke mashambani. Basi watu wa kijiji, vizazi na vizazi, wakawa wanatembea na mizigo yao kwa sababu ya pua ya mtu mmoja. Nikasema, lo, kumbe na huku! Bibi yangu alikuwa akinihadithia gari la moshi la Bububu, kule Unguja, nikadhani mambo ya wakubwa kuamua treni ipite wapi ni ya kwetu tu. Wilfred alicheka mpaka akakohoa.

Yeye ndiye aliyenifundisha geti. Nisikilizeni hapa, maana haya hamtayaona kwenye vyombo vyenu. Kulikuwa na mageti mawili makubwa ya mbao, meupe. Ama yamefunga reli, watu na ng'ombe na magari wapite, ama yamefunga barabara, treni ipite. Kando yake kulikuwa na wenzo, chuma kirefu kinachokuja mpaka kifuani, na wenzo ule ndio unaoshusha ishara, mkono mwekundu juu ya mlingoti, kumwambia dereva njia ni nyeupe, apite. Lakini wenzo haukubali mpaka mageti yote mawili yakae sawa barabarani na komeo liingie. Hata uje na jini, hautoki. Na ukitoka unaushikilia mpaka behewa la mwisho lipite, ukiuachia ishara inarudi nyekundu. Dereva akiikuta ishara nyekundu anasimama, na akishasimama haendi mpaka mie nipende. Nilikuwa msichana mwembamba, mgeni wa kila kitu, na dude lile lenye moshi na mabehewa yake lilikuwa linaningoja mie. Wallahi nilikuwa nikicheka peke yangu.

"Usivute kwa mkono," Wilfred akinambia, "vuta kwa mguu." Maana yake unakanyaga mguu mmoja mbele, unaegemea nyuma kwa uzito wako wote, mkono kazi yake kushika tu. Na usishike chuma kwa kiganja kitupu, kwa sababu jasho linakitia kutu. Waingereza wakishikia kitambaa. Mie nilichana kanga kuukuu nikaitumia hiyo, na Wilfred akaipenda, akaniomba kipande cha nyenzo zake za kituoni. Ukungu ukishuka, ule ukungu ambao huoni kidole chako, tulikuwa tukitega fataki juu ya reli. Gurudumu likizikanyaga zinalia pa! pa!, dereva anajua ishara iko karibu hata kama haioni. Mara ya kwanza kuzisikia nilijitupa chini ya meza nikapiga shahada. Nilidhani mambo ya Unguja yametufuata mpaka huko.

Na Nassor naye alikuwa na lake. Kuna watu wa mji wa mbali waliokuwa wakifuga njiwa wa mashindano. Njiwa wanatiwa kwenye matenga, matenga yanapakiwa kwenye treni, na mpagazi wa kituo cha shamba kazi yake ni kufungua tenga, kuwaachia njiwa warukie kwao, kisha kurudisha tenga tupu. Basi. Anayefika kwanza kwao kashinda. Siku ya kwanza Nassor kuletewa matenga, Wilfred yuko kwenye chai yake, mume wangu akawatazama wale njiwa akawaonea imani. "Zuwena, viumbe hawa wametoka mbali, na safari ya kurudi yote ile, wataondoka na njaa?" Akaingia ndani akachukua mtama wangu, akawamwagia. Wakala, wakanywa maji, wakashukuru. Alipowafungulia, wakaruka mpaka juu ya paa la kituo wakatua. Wakakaa pale wanajipangusa mbawa. Wilfred akaja na kikombe mkononi, akawakuta wamejipanga kama wazee wa harusi. "Umewapa chakula?" akauliza. "Kidogo tu," Nassor akasema. Kumbe njiwa wa mashindano hukaa na njaa makusudi, njaa ndiyo inayomkumbusha kwao. Wengine hawakuondoka kabisa, wakazaa pale pale. Kwa muda mrefu kila tenga likija, Wilfred alikuwa akimuuliza Nassor kama wageni wameshapata kahawa.

Sasa kile kifo. Kituo hakifi siku kinapofungwa, jueni hilo. Kwanza maziwa. Wakulima walikuwa wakileta maziwa asubuhi kwenye makopo makubwa ya chuma, Nassor akiyaviringisha kwa ukingo mawili mawili, moja kila mkono, ufundi mtupu. Likaja lori likawa linayafuata maziwa mpaka zizini, makopo yakakoma. Kisha kondoo nao wakahamia malori. Haya, hilo nnalielewa, mtu ataacha kufuatwa nyumbani? Lakini lililonishangaza ni ratiba. Treni ya asubuhi ilikuwa inafika mjini kabla ya soko kufunguliwa, wanawake wanauza mayai yao, wanarudi. Siku moja ratiba ikaja mpya, na treni inafika mjini soko linafungwa. Na ile ya jioni ikawa inaondoka mjini kabla ya watu kutoka kazini. Nikamuuliza Wilfred, "Huyu aliyepanga hivi amekosea?" Akasema, "Hajakosea." Baada ya hapo watu wakubwa wakaja kuangalia, wakakuta mabehewa matupu, wakasema, mnaona, hakuna anayepanda. Kituo kikafungwa kwa abiria. Wilfred akastaafishwa, akaenda kukaa kwa dada yake, na akaondoka bila ya kugeuka nyuma.

Hilo nyie wenzake Raya mlishike. Mtakapopewa ratiba mezani, msitazame nani anapanda tu. Ulizeni nani alikuwa akipanda, na lini aliacha, na kwa nini.

Raya amenionesha pahala penyewe kwenye simu yake, picha ya kutoka angani. Mashaallah, mashamba yale yale. Reli zimeng'olewa, lakini mstari wake upo, kijani kilichokoza kinapita katikati ya mashamba, na watu wanapita na mbwa wao. Nyumba yetu imeongezwa vyumba. Kuna mtu kaweka meza na viti pale pale nilipokuwa nikisimama, nnataka sana kujua kama anajua. Grace, binti wa Kiganda anayetusaidia nyumbani, alikuwa ameinama nyuma yangu anatazama naye. Akauliza, "Sasa Bibi, wale watu hawakuwa na gari, treni imeondolewa, walikuwa wanapita wapi?" Raya ana mwaka wa tatu chuoni, hakuwahi kuniuliza suala hilo. Mwenyewe kanambia niliseme.

Basi Grace, na nyie wote, nakwambieni kuhusu Peggy.

Peggy alikuwa mjane wa pale karibu, akifanya kazi ya kufua. Alikuwa na mtoto mmoja, Jean, msichana, ana ugonjwa wa nyonga, amelazwa hospitali ya mjini, kitandani kutwa kucha, miguu imenyooshwa kwa kamba, hatembei. Na hospitali zao za wakati huo zilikuwa na roho ngumu. Mzazi anaruhusiwa kumuona mwanawe siku moja tu kwa wiki, Alkhamisi mchana, na asipokuja mtoto anangoja mpaka Alkhamisi nyengine. Kituo kilipofungwa waliahidi basi. Basi likaja, likawa linafika hospitali wakati wageni wanatolewa. Kisha na lenyewe likakoma. Alkhamisi moja nikamkuta Peggy amekaa juu ya jukwaa la kituo, nyasi zimeshaanza kuota, kikapu mapajani. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, "Sijui. Miguu yangu imenileta tu."

Reli haikung'olewa wakati ule. Kwenye mwisho wa njia kulikuwa na machimbo, na treni ya mawe ikipita asubuhi kwenda mjini na alasiri ikirudi tupu. Kwa hiyo mie nilibakishwa na geti langu, na nyumba tukabaki nayo. Nassor walimhamishia kituo cha mjini, akawa anakwenda kwa baskeli. Dereva wa treni ya mawe alikuwa mtu mmoja mnene akiitwa Len, tukijuana kwa kupungiana mikono.

Wiki ya pili yake, Alkhamisi, sikuifungulia treni njia. Treni ikaja, ishara nyekundu, Len akasimama, akatoa kichwa. "Kuna nini, Bibi Nassor?" Nikamwambia, "Komeo gumu leo." Akamuona Peggy kando yangu na kikapu chake. Akamtazama gadi wake kule behewa la nyuma. Gadi akafungua mlango akateremsha ngazi. Peggy akapanda, nami komeo likalainika. Alasiri ikawa hivyo hivyo, akateremka. Nilipomhadithia Nassor alishika kichwa. "Zuwena, nyumba!" Nikamwambia nnajua. Akala, kisha akasema, "Mtie kitu kwenye kikapu cha mtoto." Kutoka siku hiyo kila Alkhamisi komeo likawa gumu, na kila Alkhamisi mkate wa kumimina ukaenda hospitali.

Baridi yote ikapita hivyo. Kisha Alkhamisi moja asubuhi Peggy akaja kavaa koti lake la kanisani. "Leo nnarudi naye," akanambia. Daktari amemruhusu Jean. Miguu ina vyuma, anatembelea magongo, lakini anarudi nyumbani. Tukakumbatiana pale juu ya mataruma tunalia, mpaka Len akatupigia honi.

Adhuhuri ikaja gari nyeusi ikasimama mlangoni kwangu. Akashuka mkaguzi wa reli, mtu mrefu, mpole wa maneno. "Bibi, nimesikia treni ya mawe inasimama hapa kila Alkhamisi. Leo nataka nione mwenyewe. Ikirudi, ikute njia nyeupe." Akaenda akasimama karibu na wenzo wangu.

Sikumficha. Nilimwambia yote, Peggy, hospitali, basi, vyuma vya Jean. Akanisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionesha amesikia. Akasema anasikitika, lakini treni ya mawe haichukui abiria, na watakaokutwa ndani yake watashushwa machimboni. Nikamwambia machimboni hakuna nyumba wala njia ya mtoto mwenye magongo. Akasema anajua. Nikasema, "Basi wewe una gari, nenda ukawachukue." Akasema gari ya kazi haipakii raia. Nilimtazama yule mtu kwa kweli nataka kumjua. Hakuwa mbaya, ndio maana ilinitia wazimu.

Kengele ya kijumbani ikalia, treni imetoka mjini. Sasa kazi yangu ilikuwa kufunga barabara. Babake Raya alikuwa mchanga wa kutambaa, amelala ndani karibu na jiko. Nilikuwa na khofu, siwadanganyi. Nyumba moja nishaipoteza na sasa nnaitazama ya pili. Nikigoma tu, mkaguzi atayazungusha mageti mwenyewe. Nikaingia ndani nikamfunika mtoto. Nikachukua kigoda nilichokuwa nikikalia nikimenya viazi, nikatoka nacho, nikakiweka katikati ya reli, baina ya mageti, nikajifunga kanga juu ya koti, nikakaa.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Treni inakuja!"

"Itasimama, ishara nyekundu. Wewe unakijua kitabu chenu cha kazi kuliko mie. Kinasemaje mtu akiwa juu ya reli?"

Akatazama kule treni inakotokea.

"Kinasemaje?"

"Treni isimame mpaka aondoke."

"Ahsante sana. Basi tuifuate sheria, bwana."

Akaja karibu, akainama, akanambia taratibu, "Bibi, nyumba hii utaikosa."

"Nnajua. Niliacha kubwa kuliko hii na bado ni mzima. Lakini Len na gadi usiwaguse. Anayesimamisha treni ni mie, na jina la kulitaja ni langu." Na haki yake nampa, kwa sababu jina lililofika huko juu lilikuwa langu tu. Len aliendesha mpaka akastaafu. Sie tulitoka kabla ya mwezi kuisha, tukapanga chumba mjini, na baadaye Nassor akapata kazi Maskati tukaja huku.

Treni ikaja ikasimama. Len akatoa kichwa, akaniona mie kwenye kigoda, akamuona mkaguzi, hakupiga honi. Mlango wa behewa la gadi ukafunguliwa, Peggy akateremka na sanduku, kisha gadi akamteremsha Jean mikononi, akamsimamisha juu ya jukwaa kama mtu anayeweka gilasi. Kadogo mno kwa miaka yake, rangi imemwisha. Akaanza kutembea. Chuma kikigonga jiwe, anapumzika, chuma tena. Jukwaa lile Nassor akilikata kwa hatua za haraka mizigo mikononi, na Jean lilimchukua muda mpaka baridi ikaniingia mifupani.

Akafika kwenye kigeti kidogo cha waenda kwa miguu, kando ya mageti makubwa. Kilikuwa na springi kali, unakisukuma kwa nguvu, na mikono yake yote miwili imeshika magongo. Peggy yuko nyuma na sanduku. Mie nimekaa. Aliyekuwa karibu ni mkaguzi. Akanitazama, akamtazama mtoto, akaenda akakivuta kigeti, akakizuia kwa mgongo wake ili kisije kikamrudia. Jean akapita taratibu, akainua uso, akamwambia, "Ahsante." Yule bwana akasema, "Karibu nyumbani."

Nikainuka. Nikatoa kigoda changu njiani, nikayazungusha mageti, moja, na la pili, nikatia komeo. Nikashika wenzo kwa kanga, nikakanyaga mguu mbele, nikaegemea, ishara ikashuka. Treni ikaanza kunipita, behewa tupu baada ya behewa tupu. Len alikuwa amejitoa dirishani ananipungia mkono, na mie sikuweza kumpungia, kwa sababu nilikuwa nimeshika wenzo kwa mikono miwili mpaka gadi apite.